Siti ya Mbele

Nawajua kabla hawajalisoma bango langu.
Wanatoka uwanja wa ndege wa San Diego polepole,
mkono mmoja kwenye sanduku,
mwingine unavuta shati
pale ambapo shati limechoka kuficha.

Siti ya mbele nimeshaisogeza nyuma hadi mwisho,
mkanda nimeuunga kipande,
yote mapema, mgeni asinikute nikifanya.
Hilo halimo katika mkataba wa kliniki.

Leo ni Darla Hutchens, wa Oklahoma.
Anapika shuleni, sahani mia nne kwa siku,
na kabla hatujafika barabara kuu ameshanipa hesabu:
kwao tumbo hupunguzwa kwa bei ya nyumba,
kwetu kwa bei ya gari kuukuu.
"Kwa hiyo nikauza gari," akasema,
akacheka mpaka vioo vikaingia ukungu.
Watu wa bima walimwandikia barua tatu,
zote zikianza na "Tunasikitika."
Wendell, mumewe, alisema: kula kidogo tu, ni bure.
Alisema hivyo mdomo umejaa.

Kuingia Tijuana hakuna anayekuuliza kitu.
Unapita tu, na upande wa pili mabango yanakupokea:
meno, macho, matiti, tumbo,
mwili mzima umetundikwa kwa bei ya vipande
kama buchani.
Darla aliyasoma yote kimya.
Kisha akauliza kama nimewahi kumleta mtu asirudi.

Nikamwambia barabara hii ina mashimo, ajishike.

(Alikuwa Lyle, fundi bomba, mwenye vicheko virefu.
Sanduku lake ndilo nililolirudisha,
nimelifunga mkanda,
katika siti hiyohiyo.)

Siku ya nne nikamkuta mlangoni,
kando ya kiti cha magurudumu anachokataa kukikalia.
Matundu matano, akasema, kila moja dogo kuliko kifungo cha shati.
Tumbo limebaki la kadiri ya ndizi moja.
"Mbichi au mbivu?"
"Usinichekeshe, Eliseo, nyuzi zinauma."

Kurudi ndiko kuna kazi.
Masaa matatu magari yamebanana,
na katikati yake wanapita wenye mablanketi,
wenye watakatifu wa plasta,
na kijana mwenye beseni la churro,
zimetoka kwenye mafuta sasa hivi,
sukari na mdalasini vinammwagikia mkononi.
Nikapandisha kioo.
"Shusha," akasema.
Nikashusha.
Akavuta pumzi kama anayemuaga
mtu aliyemlea vizuri na kumpiga vibaya.
Mama yake, akasema, hakujua kusema nakupenda.
Alijua kusema: nikuongeze?

Kisha akatoa dola tatu, akanunua mfuko mzima,
akaniwekea mapajani.
"Kula wewe. Mimi nitatazama."

Sasa ningemwambiaje?
Mwaka wa tisa huu nina kisukari.
Kliniki hii ninayowapeleka wageni, kwa bei yake rahisi,
mimi naijua mlango wa kuegeshea tu.
Foleni imesimama. Nikavua kiatu cha kushoto,
nikavua soksi,
nikamwonyesha mahali palipokuwa na kidole.

Akautazama mguu. Akautazama mfuko.
Akatazama mbele, ambako hakuna gari lililosogea hata hatua,
na mabega yake yakaanza kutikisika,
akajishika tumbo kwa mikono miwili,
"Usinichekeshe," akasema tena,
ilhali sikuwa nimesema neno,
na machozi yakamtoka, sijui ya upande upi.

Tukaziweka katikati, kando ya breki ya mkono.
Mafuta yakaitoboa karatasi taratibu.
Tulipofika kwa askari wa mpakani
akainama dirishani, akauliza kama kawaida yao
iwapo kuna chakula chochote ndani ya gari.

"Kipo," Darla akasema.
"Lakini kimepoa."